Kiganja cha Padri

Jumamosi, kampi ya wafanyakazi wa shaba, Lubumbashi.
Shuka la hospitali limetundikwa ukutani,
doa la dawa kwenye kona ya mbingu.
Babu Mwepu anazungusha mpini wa mashine.
Hakuna sauti ila trrr, trrr,
na mbwa wa jirani.

Polisi mnene anamkimbiza mwizi wa keki.
Anakanyaga sabuni.
Miguu inapaa kwanza, kofia inaifuata,
tumbo linangoja zamu yake hewani,

na padri anaziba lenzi kwa kiganja.

Haifai watu hawa waone
kofia ya serikali ikibiringika.

Vidole vitano vikatanda shukani,
vinene kama chane ya ndizi,
kimoja kikitetemeka.
Kampi nzima ikavunjika mbavu.
Mama Kabedi alicheka hadi mtoto mgongoni akaamka.

Mwongozaji wa sinema ile, huko ng'ambo,
alipima kila mwereka kwa hatua na sekunde.
Hakujua kipande chake bora
ni kile tulichofichwa.

Jumatatu kapita aliteleza kwenye tope la karakana,
akaanguka chali, kofia kule.
Hakucheka mtu.
Babu tu aliinua kiganja, polepole,
akaziba jicho moja.