Ubavu wa Saba

Chumba chetu cha kusomea picha hakina dirisha.
Valdivia inanyeshewa tangu Jumanne,
nami naijua mvua kwa viatu vya wanaoingia:
hivi ni vya Nelson, mpiga picha wa zamu,
vinalia chwa, chwa, mpaka ubavuni pa kiti changu.
"Daktari Oyarzún, huyu wa dharura.
Kaanguka toka juu ya paa, alikuwa akizibua dohani."

Mwaka wa kwanza. Nikiitwa daktari
bado nageuka kumtafuta.

(Mama yangu kule Lanco huwaambia majirani
kwamba binti yake anapiga picha.
Wamekwisha kumwuliza bei ya harusi.)

Nikaifungua.
Nimefundishwa: cheusi ni hewa, cheupe ni mfupa,
kijivu ni vyote vilivyobaki, na kijivu ndicho kazi.
Nimefundishwa kuingia picha kama mtu aliyeachiwa funguo za nyumba:
kagua kona, kagua dari, inama uvunguni,
usiwe mgeni wa kuketi
kwenye kiti cha kwanza anachokiona.

Niliketi kwenye kiti cha kwanza.
Ubavu wa saba, kushoto: ufa
kama unywele ulioangukia sahani.
Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Saa tisa na dakika kumi za usiku
nilifurahia mfupa wa mtu uliovunjika,
nikaandika sentensi tatu zilizonyooka,
nikatia jina langu chini,
nikala nusu ya mkate niliokuwa nimeuficha nyuma ya skrini.

Asubuhi akaja Daktari Baeza, koti linachuruzika.
Hakunikemea. Angenikemea ningeshukuru.
"Umeuona ubavu."
"Ndiyo."
"Na baada ya ubavu?"
Mashine ya kupoza hewa ilijibu kwa niaba yangu.
Akanyosha kidole, hakuigusa skrini,
akakisimamisha juu kabisa, kulia, nyuma ya mtulinga,
pale mifupa inaposongamana
kama watu kwenye foleni ya benki siku ya pensheni,
na kati ya bega na bega
mtu mfupi anaweza kusimama mwaka mzima asionekane.
Kivuli. Punje ya dengu, haizidi.
"Aliyepata huacha kutafuta," alisema.
"Wagonjwa wana maradhi yao. Hayo ni yetu."

Nikaandika nyongeza, na saa yake,
na maneno yangu ya usiku yakabaki juu yake, hayafutiki,
yamenyooka vilevile.

Hatuna desturi ya kushuka wodini.
Nilishuka.
Nilikuwa nimekwisha kumjua kwa ndani:
moyo uliolalia kidogo kushoto,
bega lililowahi kuvunjika likaunga lenyewe bila hospitali,
mapafu yenye vumbi la majira ya baridi sitini.
Sura ndiyo niliyokuwa siijui.
Don Eleuterio Catrilef, muuza kuni,
nyusi nene, masikio makubwa, moshi wa mwaloni kwenye sweta
hata baada ya usiku mzima wa sabuni yetu.
Nilishangaa kwamba ana rangi.

"Ni wewe uliyeuona ule ufa?" akaniuliza.
"Muuguzi kaniambia ni mwembamba kama uzi.
Macho hayo, binti! Yatunze."
Akacheka, akaushika ubavu, akakoma kucheka.
Sikuwa mimi wa kumwambia lile jingine;
daktari wake alikuwa njiani, na karatasi mkononi,
nasikia hata sasa kalamu yake ikibofyabofya kwenye korido.
Akataka kujua atapanda tena lini juu ya paa.
Baridi bado ndefu, alisema,
na dohani ameiacha nusu,
na mkewe anakohoa.
Kisha, kwa adabu ya watu wa kwao,
akakisogeza kwangu kwa mguu kiti cha wageni.

Kilikuwa karibu kabisa.
Nikabaki nimesimama.