Kitoweo Kwanza

Kocha Mshamu wa jimu ya Tandika,
ile yenye vyuma vya makopo na zege,
kanibonyeza mkono, kaguna:
"Anza na samaki. Ugali utakusubiri,
ugali hauna haraka."

Rahisi kusema.
Mimi nimelelewa Mtoni Mtongani,
sinia moja, mikono sita.
Aliyegusa kitoweo kabla ya tonge la tano
alionja mwiko vidoleni:
"Mroho wewe! Mboga ni ya kusindikizia."
Tukajifunza kuchovya mchuzi tu,
kumkwepa kibua kama mtu anayetudai,
kumwacha, kumwacha, hadi mwisho.

Leo mchana, benchi la Bi Siwatu,
mapaja yanawaka, nimechuchumaa mara themanini,
navunja kibua kwanza. Ubavu mzima.
Kisha maharage, kijiko kwa kijiko.
Ugali unapoa pembeni, umeninunia.
"Ugali wangu una kasoro gani?"
"Hauna, mama. Niko mazoezini."
"Mazoezi ya kula?"
Benchi zima likacheka. Nami pia, mdomo umejaa.

Usiku, nyumbani, mama yangu anamega tonge,
mkono umekonda hadi bangili imepanda kiwiko.
Anachovya. Anamzunguka samaki. Anachovya.

Ndipo nikakumbuka:
kipande chake hakikuwahi kufika mwisho.
Kila siku kilimomonyoka
kikaangukia upande wetu wa sinia.

Namsogezea mnofu.
"Anza na huu, mama."
Anatazama mlangoni kwanza,
kana kwamba kuna mtu anakuja na mwiko.