Chini ya Kawa

Akinsola, fundi wa mashine za kusafishia damu
hospitali ya Ibra, mpangaji wetu wa juu,
Kiswahili chake kakiokota jikoni kwa mama
pamoja na uchu wa mkate wa kumimina,
aliniuliza usiku mmoja:
huyu wakili wenu wa falaji,
mkimchoka mnamwondoaje?

Nikacheka. Ami Zahrani?
Miaka kumi na tisa sabla ile ile,
mto ule ule, umeshashika umbo la mgongo wake.

Akasema: kwetu Oyo, zamani,
Alaafin alikuwa hatazamwi.
Shanga za taji zilimshukia usoni kama mvua,
watu wakilala kifudifudi mavumbini kumwamkia.
Lakini walikuwapo wakuu saba,
na mbele yao Bashorun;
siku ikifika, humpelekea mfalme kibuyu,
kimefunikwa.
Ndani mayai ya kasuku.
Au hamna kitu.
Hapigiwi kelele, havunjiwi mlango.
Hufunua, huona, hujua:
mizimu imekukataa, watu wamekukataa, ardhi imekukataa.
Kukicha, hayupo.

Nikasema, basi hao saba wana raha.

Akaweka kikombe chini.
"Mmoja wao hufa naye.
Anayehukumu sharti aijue bei."

Mudheribi maji hupimwa kwa athari.
Kwenye Kiswahili cha mama athari ni kovu,
kinachosalia jambo likishapita;
huku ni nusu saa ya maji shambani mwako.
Mababu waliihesabu kwa kijiti na kivuli,
usiku kwa nyota.
Mimi kwa saa ya mkononi, maana karani ni mimi.
Na kila usiku wa Jumatatu
athari moja ya Bi Thuweba, mjane, mitende sita,
iligeuzwa njia, ikaingia bustani mpya ya Ami.
Niliandika: *yametimia*.
Miaka mitatu, *yametimia*.
Mwandiko mzuri, wageni waliusifu.
Mitende ya Bi Thuweba ikaanza kukauka utosini;
akadhani ni mdudu,
akauza bangili akanunua dawa.

Ijumaa, sabla imejaa, halwa imeshazunguka.
Ami akadai kahawa.
Nikampelekea sinia, na juu yake kawa la mama,
lile la Pemba, ukingo mwekundu.
Akalifunua huku anamsimulia mtu habari za mbuzi.
Kikombe. Kikavu.
Akakishika, na mkono, kwa mazoea tu,
ukakitikisa mara mbili
kama atikisavyo mnywaji aliyekinai.
Mwenyewe kasema imetosha,
na wenziwe wakasikia kabla yake.

Hapo nikafungua daftari.
Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu.
"Nani kaandika?" Sauti imemkatika katikati.
Mimi, Ami.
Nikaweka ufunguo wa sanduku juu ya sinia,
na kalamu kando yake.

Hakufa mtu.
Siku hizi Ami hukaa karibu na mlango, penye viatu,
nami mkabala naye;
tunasogezeana sahani ya tende bila neno.
Karani mpya mwandiko wake mbovu,
mbili zake na tatu zake ni ndugu.
Kawa limerudi jikoni, linafunika samaki.
Akinsola hakuuliza tena. Jana tu, akipanda ngazi,
alisimama, akanitazama kama mtu anayehesabu wafu,
akasema, "Na wewe umo?"

Jumatatu usiku bado niko macho,
saa mkononi, nani ananilipa?
Nasikia maji yakikata kona kwa Bi Thuweba,
nahesabu dakika mpaka thelathini,
yanafungwa,
naendelea kuhesabu.