Nusu ya Jina

Jumapili zangu huanza na chupa ya chai,
ramani iliyokunjwa vibaya, na kamera kwenye kiti cha abiria
nimeifunga mkanda kama mtoto.
Saskachewani ni tambarare hata jicho huchoka
kutafuta pa kuegemea,
ndipo linapoegemea mabanda:
lile la njia ya reli, paa limebonyea
kama mgongo wa farasi aliyezeeshwa na kazi,
na lile lisilo na mwenyewe, ngano imeota hadi mlangoni.

Nilikuwa mpanga barua posta, miaka thelathini na mmoja.
Majina ya watu yalipita vidoleni mwangu
nisijue milango yao.
Sasa naitazama milango.

Dada yangu Marlene huniuliza kwa nini nisipige hata ua.
Napiga bawaba. Napiga ndoo iliyotoboka kitako,
glavu moja juu ya nguzo ya uzio, imenyoosha kidole
kuelekea mahali pasipo na kitu.

Banda la Orest Hnatiuk nimelirudia mara kumi na mbili.
Mara ya kwanza alitoka na mbwa,
akasimama mbali, mikono mifukoni:
"Mbona unaipiga picha aibu yangu?
Nyumba nimeipaka rangi. Piga nyumba."
Nikapiga nyumba, kwa adabu.
Alipoingia ndani nikaligeukia banda.

Mbao zake zilikuwa na kijivu kisichouzwa dukani,
kijivu cha theluji sabini, kila moja imelamba ikapita.
Nililingoja jua la Juni, lile linalokawia
hadi saa tatu za usiku, kama mgeni
aliyekwisha kuaga na bado yumo mlangoni.
Picha ilitoka nzuri. Nasema kweli: nzuri.
Maktaba ya mji wakaitundika, wakaniandikia kadi.

Ndani niliingia siku moja tu, kukimbia mvua ya mawe.
Nyasi kavu, mavi ya mbayuwayu,
ndoo msumarini, na mwanga umepenya ufa
ukaushika ukingo wake.
Juu kulikuwa na maandishi ya chaki ya buluu.
Yalinikera. Yaliharibu utulivu.
Nikasogea hatua moja kulia, nikafyatua.

Novemba upepo ukafanya
kazi aliyokuwa akiiahirisha Orest.
Banda likalala kifudifudi.
Alinipigia simu usiku, sauti ya mtu asiyezoea kuomba:
"Una picha za ndani? Za nje ninazo, zimo kichwani."

Nikampelekea ile ya ndoo. Sikuwa na nyingine.
Akaisogeza kwenye taa ya jikoni,
akavua miwani, akaivaa tena.
Ndoo hakuitazama.
Kidole chake kilitambaa hadi ukingoni kabisa, juu, kushoto,
zilipobaki herufi tatu za buluu: NKA.

"Zorianka," akasema. "Alikuwa na teke, huyo.
Vera aliwaandika wote, kila ng'ombe juu ya hori lake,
nisije nikawachanganya yeye akiwa hospitali."
Akawataja. Lyska. Krasunia. Kalyna.
Wa tano akampotea.
Tukamngoja. Birika lililia, hakuna aliyeliinukia.

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Mimi sina mjukuu. Nina hatua moja kulia.

Aprili nilimkuta na mtaimbo, anapindua mbao
moja moja, anazisoma kama magazeti yaliyolowa.
Chaki haikuwapo; ya nini theluji ibakize chaki?
Ubao mmoja ulikuwa na buluu kidogo,
au ulikuwa ukungu.
"Huu," akasema. "Upige huu."
Nikainua kamera. Kiwiko chake kilikuwa ndani ya picha,
na nusu ya mbwa.
"Nimo?" akauliza. "Nisogee?"
"Umo," nikamwambia. "Kaa hapohapo."