Pishi Mbili za Mize

Chai ilikuwa ya maziwa, sukari vijiko vitatu,
tangawizi ya kupondwa. Nayataja yote haya
kwa sababu Shaame fundi aliniuliza kama daktari:
"Imekunywa nini? Kiasi gani? Saa ngapi?"

Saa tatu usiku. Kikombe kizima.
Kiwiko changu. Mtoto nilimsingizia.

Niliibinua, ikadondosha matone kwenye kanga,
H na J zikitoa povu kama mdomo wa kaa.
Nikabonyeza kuzima, ikakataa kuzimika.
Feni ikakohoa, kioo kikapiga weupe, kikafa
na majina thelathini na moja tumboni mwake:
kila mchumaji na pishi zake tangu msimu uanze,
na malipo ni Ijumaa.

Jirani kasema mchele. Shemeji kasema jua.
Muuza vocha kasema draya ya saluni ya Bikombo.
Mtambwe nzima ni mafundi
wa kitu ambacho si chao.

Shaame, kule Wete, nyuma ya duka la mabati,
alianza na betri. "Huyu ndiye muuaji,
maji ni shahidi tu."
Skrubu kumi na moja kwenye kifuniko cha mtungi,
spiriti, mswaki wa mtoto, akasugua huku akinung'unika:
"Maji matupu huondoka. Sukari
ni mgeni asiyejua kuaga.
Kaianike. Na usiiwashe.
Hamu itakujia. Usiiwashe."

Mama akaipokea kama anavyopokea magunia.
Akaisimamisha pembeni mwa jamvi, kichwa chini,
imefunguka kama kibanda,
jirani na karafuu ambazo hazijaingia weusi.
Alipopita kuzigeuza kwa mguu,
aliinama kuigeuza na yenyewe.
Wingu lilipotanda upande wa Fundo, akapiga ukelele,
tukakimbia: watu watano na majamvi,
mmoja na kompyuta.
Magharibi, kabla ya umande, vyote vikaingia ndani,
vikalala chini ya turubai moja.

Siku ya pili kidole changu kilifika kwenye kitufe.
Mama hakuinua kichwa. "Vunja moja usikie.
Ikilia ka, imekauka. Ikipinda, bado."
Nikamwambia kompyuta haivunjwi.
"Basi ngoja."

Ijumaa ikafika.
Wachumaji wakajaa barazani. Nikatoa daftari jeupe,
uso umenishuka. "Semeni wenyewe."
Faki Hamad: arubaini na tatu.
Time Kombo: thelathini na nusu.
Mbwana wa Bopwe: hamsini. Akacheka, akashuka,
"Arubaini na nane. Nilitaka nikuone tu."
Mize, yule mjane: sitini na mbili.
Nikaandika, moyoni nikisema leo naibiwa mchana.
Mama akalipa kama walivyotaja,
hata hakutazama daftari.

Jumapili nikabonyeza.
Taa ya kijani. Feni ikavuta pumzi yenye tangawizi.
H haikurudi. J hujiandika mara tatu.
Nikafungua jedwali, daftari ubavuni,
nikashuka mstari kwa mstari kumtafuta mwizi.
Faki, sawa. Time, sawa.
Mbwana, arubaini na nane.
Mize: kwake sitini na mbili,
kwangu sitini.

Nikaikumbuka ile jioni, gunia lake la mwisho,
simu inaita, nikamwambia nitaandika baadaye.
Mashine ingekuwa nzima ningemlipa sitini
na angezipokea.
Nani hubishana na kompyuta?

Nikafuta, nikaweka sitini na mbili.
Kwenye kisanduku cha maelezo nikataka neno moja tu.
Ikatoka "samaani".

Nikaiacha hivyo.
Nikatoka uani, mtoto anachezea makonyo,
nikachuchumaa mbele yake
nikalisema tena kwa mdomo,
ambao H yake ilikuwa bado nzima.