Mizigo Sita ya Agururu

Nilibeba saruji miaka kumi na tisa, Odoi.
Mgongo wangu unaujua mfuko wa kilo hamsini
kuliko unavyolijua godoro.
Kisha nikajenga vyumba sita Agururu,
na vyumba vya kupanga, hapa Uganda,
tunaviita mizigo.
Siku ya kuezeka nilicheka. Sicheki tena.

Sasa kiinua mgongo chako kimefika,
mgongo wenyewe umeshalala,
na umeona kiwanja Osukuru, bei ya kutupa.
Nani kakitupa? Na kwa nini?
Nenda mwezi wa nne, mvua zikishika,
uvae gambuti, usimame katikati.
Januari hata kinamasi huvaa suti.
Muulize jirani, umwache dalali:
dalali ana ulimi, jirani ana mpaka.
Mwenyekiti wa kijiji atakugongea muhuri
hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi,
kwa hiyo muhuri usikupe usingizi.
Mtafute mke wa muuzaji, na watoto waliokua,
waweke saini mchana, wakiwa wameshiba,
si jioni, nyuma ya kibanda cha ajono,
kama nilivyofanya mimi. Kesi ilinila miaka miwili.

Choo kwanza, rangi baadaye.
Mimi nilianza na rangi. Samawati, nzuri,
watu walisimamisha baiskeli kutazama.
Shimo la choo likajaa mwaka wa pili,
na kodi ya vyumba vitatu
ikaondoka na gari la kunyonya.

Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme.
Mita moja kwa vyumba sita ni ndoa ya wake sita:
wote wanaapa, na pasi haina mwenyewe.

Usipige sita mara kumi na mbili.
Hiyo ni hesabu ya dalali.
Piga mara kumi,
toa bati lililopeperuka, toa kitasa,
toa mpangaji aliyehama usiku na balbu zako.
Kinachobaki, ndicho ukaazime nacho.
Benki haina mwezi wa chumba kitupu.

Andika risiti. Hata kwa binamu.
Hasa kwa binamu.

Na mlango, Odoi.
Chumba namba nne alikaa Adeke, muuza mukene,
miezi mitatu hajalipa.
Nikafanya nilichoona wenye nyumba wakifanya:
nikaja na bisibisi, nikaung'oa mlango,
nikaubeba kichwani hadi nyumbani kwangu,
mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kubeba.
Usiku ule mvua ilishuka kutoka Elgoni.
Adeke hakunitukana. Alitundika blanketi.
Wapangaji wengine wakakaa pale kizingitini kwa zamu,
na kibatari, mpaka alfajiri,
ili mtu asiingie alipolala na mtoto.

Wiki ya pili akalipa yote,
noti zenye magamba ya mukene,
nikazihesabu mara mbili, mikono ikinuka.
Akahama.
Mwisho wa mwezi wakahama watatu zaidi,
wale wale wa kulipa tarehe mosi.
Hakuna aliyenieleza sababu,
nami sikuuliza.

Mlango niliurudisha.
Lakini matundu ya bawaba yameshapanuka,
skrubu hazishiki, nimejaza njiti za kiberiti.
Kila mpangaji mpya wa namba nne
huuliza mbona mlango huu haukazi,
nami husema, mbao za siku hizi.

Siku hizi mtu akichelewa, naenda mapema,
tarehe tano, si mwezi wa tatu.
Nakaa kwenye kigoda chake, tunapanga:
nusu leo, nusu siku ya gulio, inaandikwa.
Asiyeweza kabisa nampa mwezi wa kutafuta pengine,
na barua, na nakala kwa mwenyekiti.
Nimepoteza pesa kidogo hivyo.
Kwa ule mlango nilipoteza nyingi.

Haya. Lete hizo karatasi Jumamosi,
zote, hata iliyochanika.
Na ukipata, niletee gambuti namba tisa;
zangu zinavuja.