Maneno Matano

Asubuhi ya kwanza alinipa wembe na sharti moja:
"Kata wembamba usiozidi unywele.
Kikichanika kipande, usinifiche."
Nje, Oulu ilikuwa imeganda hadi mtoni;
jua lilichungulia saa tano, likaghairi.

Huyo ndiye Aune Hietaranta kabla hajaitwa profesa:
soksi za sufu zisizofanana,
penseli sikioni, penseli mdomoni,
akiitafuta ya tatu.

Tulipiga panya. Sitaremba.
Tuliwalaza kwa dawa, tukawapa pigo la chuma
lililopimwa kwa milimita,
na walipopata nafuu tukawatia katika beseni
la maji yaliyochanganywa na maziwa
wasiione ngazi iliyozama.
Mzima huzunguka, hukumbuka, hufika.
Aliyeumia huambaa ukingo,
huambaa ukingo, huambaa,
mpaka Aune akunje mkono wa koti, amwopoe,
amkaushe kwa taulo la nyumbani kwake
lenye maua ya bluu.

Akili ni nywele, husema ambao hawajaushika ubongo.
Mimi nimeushika: siagi iliyosahauliwa mezani.
Unaelea gizani mwake, umetulia,
na kichwa kikigonga barafu
fuvu husimama;
wenyewe bado una safari.

"Nyuzi zake hazikatiki papo hapo," alinionyesha
chini ya hadubini, pumzi yake ikinuka kahawa.
"Hufanya fundo kwanza. Huvimba.
Hukatika kesho, keshokutwa,
jamaa wakiwa wameshamshukuru Mungu na kwenda kulala."
Kati ya pigo na kukatika, basi, pana mlango.
Aliusukuma miaka kumi na tisa.

Dawa tuliyoipa namba tu, themanini na nane,
iliwarudisha panya kwenye ngazi.
Tukaipeleka kwa watu, hospitali saba:
waliopewa dawa na waliopewa maji ya chumvi
walipona sawa, wakafa sawa.
Alilisoma jedwali amesimama, koti bado mwilini,
akala andazi la mdalasini lote, polepole.
"Tuliandike," akasema.
Nani huchapisha kushindwa?
"Aliyeshindwa. Mwingine atalijuaje shimo?"

Na kila Machi alikuja Reijo Kukkola,
golikipa wa zamani wa magongo ya barafuni,
aliyegongwa na goti mchezo umekwisha, filimbi imelia.
Hupewa maneno matano:
kengele, haradali, mjomba, ndoo, msumari.
Huzungumza naye habari za theluji dakika ishirini,
kisha humuuliza.
Mwaka wa pili, mawili. Mwaka wa sita, moja.
Mwaka wa kumi na nne alijibu "limau" kwa furaha kubwa,
na limau halikuwamo.

Machi hii, ya mwisho kabla ya kustaafu,
masanduku yamefungwa kamba, kuta zina alama za fremu,
Reijo alikaa na swali lile mapajani kama kofia.
Hata moja.
Kisha akasema: "Mwaka fulani wewe ulikuja na glavu moja.
Ulikuwa umelia, ukasema ni upepo."

Nikamtazama Aune. Mwaka wa jedwali.
Fomu ina visanduku vitano; cha hilo hakipo.
Akaandika pembeni, wima, kwa penseli,
mpaka karatasi ikatoboka kidogo.
Akanigeukia mimi, niliyekuwapo siku ile,
mwenye ubongo mzima, shahidi wa miaka thelathini na moja:
"Glavu ya mkono upi?"

Nilifungua mdomo.

"Wa kushoto," alisema Reijo,
akivaa kofia yake, akiutafuta mlango
upande wa dirisha.